Mashine za kufulia za mlango wa mbele: Mambo ya kupima kabla hazijavuka mpaka

Mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele si mzigo wa kubebwa kichwani. Moja ya kufua kilo 8 za nguo huwa na uzito wa takriban kilo 65 hadi 70, na sehemu kubwa ya uzito huo ni vipande vya zege vilivyofungwa ndani ili isirukeruke inapokamua. Ikishafika kwa mteja Kigali, Bujumbura au Goma, kuirudisha ilikonunuliwa ni safari nyingine yenye nauli, wakala na siku za kupotea njiani.

Ndiyo maana mfanyabiashara anayenunua Kariakoo, Nairobi au Dubai kwa ajili ya wateja wa nchi jirani hana budi kujua anachonunua. Mashine moja inayorudishwa inaweza kumeza faida ya zile tatu zilizouzwa vizuri.

Kwa nini wateja wanazitaka

Tofauti na mashine ya mlango wa juu, ambayo nyingi hujaza maji hadi nguo zielee, hii hulaza pipa lake na kuzinyanyua nguo kisha kuziangusha ndani ya maji machache. Mashine ya kilo 7 au 8 kwa kawaida hutumia lita 45 hadi 60 kwa mzunguko mzima. Kwa familia inayonunua maji kwa madumu au kwa boza, hiyo ni hoja nzito kuliko rangi ya mashine.

Nguo pia huchakaa polepole zaidi, na hutoka zikiwa zimekamuliwa vizuri. Hata hivyo, namba kubwa ya kukamua isimpumbaze mnunuzi. Mizunguko 1,400 kwa dakika huacha nguo kavu kidogo tu kuliko 1,200, na kwenye nchi zenye jua la kuanikia nguo tofauti hiyo haionekani kwenye kamba. Kinachoonekana ni mzigo zaidi kwa beringi.

Aina tatu za mota

Mashine za bei ya chini, na nyingi zilizotumika, huwa na mota ya kaboni inayozungusha pipa kwa mkanda. Hupiga kelele zaidi na kaboni zake huisha, lakini kaboni na mkanda ni vipuri vya bei nafuu ambavyo fundi wa mtaani anaweza kubadilisha kwa muda mfupi.

Kundi la pili ni mota ya inveta yenye mkanda. Haina kaboni, ni tulivu, na hupunguza au kuongeza kasi kulingana na mzigo. Kundi la tatu ni mota iliyofungwa moja kwa moja nyuma ya pipa bila mkanda, mfumo ambao LG imeutumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Inveta ni teknolojia nzuri, lakini inategemea bodi ya kielektroniki, na bodi haipendi umeme unaopanda na kushuka. Kwa mteja wa mji wenye umeme wa namna hiyo, stabilaiza yenye uwezo wa kutosha iuzwe pamoja na mashine. Hita ya mashine nyingi hula takriban wati 2,000, hivyo stabilaiza ndogo ya televisheni haifai.

Aidha, kibandiko cha dhamana ya miaka 10 kisomwe kwa makini. Kwa kawaida kinahusu mota peke yake, wakati vinavyochosha mafundi ni beringi, pampu ya kutoa maji, mpira wa mlango na bodi. Dhamana ya mashine nzima mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili, na mara nyingi haivuki mpaka: ya duka la Tanzania inaweza kukataliwa Uganda hata kama chapa ni ileile.

Pipa linalofunguka na lisilofunguka

Swali ambalo wanunuzi wachache huliuliza ni hili: pipa la nje linafunguka? Zamani lilifungwa kwa bolti, hivyo beringi zikichoka fundi alilitenganisha na kubadilisha beringi peke yake. Siku hizi viwanda vingi huunganisha nusu mbili za plastiki kwa kuziyeyusha. Beringi zikifa, linabadilishwa pipa zima, kwa gharama inayoweza kukaribia bei ya mashine iliyotumika.

Miele ya Ujerumani hutumia pipa la nje la chuma cha pua na hutangaza kwamba hupima mashine zake kwa maisha ya miaka 20. Lakini bei yake ni ya juu, na vipuri vyake si vya kupatikana kila mji. Kwa mteja wa mbali na bandari, mashine ya kawaida ambayo vipuri vyake viko Nairobi au Dar es Salaam inaweza kuwa ya kutegemewa zaidi kuliko ya kifahari isiyo na fundi.

Iliyotumika ipimwe kwa mkono

Fungua mlango, shika ukingo wa pipa la ndani, linyanyue. Likicheza peke yake bila pipa la nje kufuata, beringi zimechoka. Lizungushe kwa mkono. Sauti ya kukwaruza ni dalili hiyohiyo. Kagua mikunjo ya mpira wa mlango kama una tundu au ukungu, na tazama chini ya mashine kama kuna michirizi ya kutu.

Kibandiko cha nishati nacho hutoa siri. Ulaya ilibadilisha madaraja yake Machi 2021, ikaacha A+++ na kurudi kwenye A hadi G. Mashine ya Ulaya yenye kibandiko cha A+++ ni ya kabla ya hapo, hata ikiitwa mpya.

Kisha isomwe bati ya nyuma. Za Marekani nyingi ni volti 120 na hezi 60. Za Japani ni volti 100. Hata za Ghuba hazifanani: Falme za Kiarabu na Oman hutumia hezi 50 kama Afrika Mashariki, ilhali Saudi Arabia hutumia hezi 60. Kibadilisha volti hakibadilishi hezi. Plagi nayo ikumbukwe: pini tatu za bapa za Kenya, Uganda na Tanzania haziingii kwenye soketi za pini za duara za Rwanda, Burundi na Kongo.

Bolti nne za njiani

Mashine hutoka kiwandani na bolti, kwa kawaida nne, nyuma yake, za kulishika pipa lisicheze safarini. Anayezitoa dukani ili kuijaribu na asizirudishe kabla ya kupakia lori, huacha pipa lipigepige hadi shokapu na springi ziharibike. Na mteja anayeiwasha bila kuzitoa, ataona mashine ikitembea chumba kizima. Anayenunua iliyotumika azidai bolti hizo, na anayeuza amwambie mteja azitoe na azitunze.

Mteja aambiwe mengine mawili. Kwanza, sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi mno. Atumie iliyoandikwa ya mashine otomatiki. Pili, mashine nyingi hutaka msukumo wa maji usiopungua wa takriban baa 0.5, sawa na tangi lililo mita 5 juu ya bomba la mashine. Tangi lililo chini ya hapo linaweza kuifanya igome kujaza, na lawama zitamrudia muuzaji.

Karatasi za mpakani

Wapo wanaodhani kwamba mashine iliyonunuliwa Kariakoo ni bidhaa ya Tanzania. Sivyo. Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mashine ya China au Uturuki haipati nafuu hiyo, iwe imepita Namanga, Mutukula au Rusumo.

Kwa hiyo risiti ya kielektroniki yenye jina la mnunuzi, nyaraka za ushuru uliolipwa bandarini na namba ya mashine iliyo kwenye bati ya nyuma viwe kwenye faili moja. Thamani ikatangazwe ileile iliyo kwenye risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mpakani hupotelea kwenye ghala la forodha.

Anayepanga safari ijayo aanze na fundi kabla ya duka. Amuulize fundi wa mji wa mteja wake ni mashine zipi anazo vipuri vyake. Jibu hilo litamwambia mengi kuliko karatasi za matangazo, na atalipata kabla hajalipa hata shilingi moja.