Nyuzi za Mapafu na Korona

Mjini Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huingiza oksijeni pungufu kuliko Mombasa, hivyo mapafu yaliyojeruhiwa na korona hulemewa zaidi. Mapafuni mna elastini, protini ya nyuzi zinazovutika na kurudi kama mpira, ambayo mwili huitengeneza hasa kabla ya utu uzima. Uvimbe unapozidi, chembe nyeupe za damu humwaga elastasi, kimeng'enya kinachokata nyuzi hizo, na mabaki ya nyuzi, desmosini, hupimika katika damu. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliwakuta wagonjwa waliolazwa kwa korona wakipungukiwa vitamini K, inayoamsha protini ya kulinda nyuzi hizo. Sukuma wiki inayo tele, ingawa si dawa ya korona, na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe mboga hiyo ghafla.