Mbio za alfajiri Jericho: Wewe ukikimbia, nani amebaki na watoto?

SAA kumi na moja na robo alfajiri, uwanja wa Camp Toyoyo bado umemezwa na giza lakini barabara iliyo kando yake tayari ina watu. Wengi wanaelekea stejini. Wachache, kama mimi mwaka jana, wanakimbia.

Sikuanza kukimbia kwa sababu napenda mbio. Nilianza kwa sababu ya namba mbili: 148 kwa 96. Nilikuwa na miaka 34. Jumamosi hiyo hema la kupima presha bila malipo lilikuwa limepigwa karibu na soko la Jericho, nami nilipiga foleni kumsindikiza mke wangu tu, aliyekuwa akilalamika kichwa. Yake ilisoma 118 kwa 76. Yangu muuguzi aliipima, akaniambia nikae dakika tano nisiongee, akaipima tena. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kupata kiharusi.

Baba yangu alianguka bafuni akiwa na miaka 51. Mkono wake wa kulia haukurudi tena kazini. Nilimwambia muuguzi hivyo, naye akaandika kitu kwenye kikaratasi bila kuinua macho.

Sikuwa peke yangu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na serikali mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Sisi vijana ndio tunaojidanganya zaidi. Presha tunaiona ni ya wazee wa kijijini, mpaka mashine ikukabe mkono na ikusomee.

Niliambiwa nipunguze chumvi, nirudi kupimwa, na nianze mazoezi. Mazoezi ndiyo yaliyonitoa jasho kabla hata sijavaa raba. Niko ghalani Industrial Area kuanzia saa moja unusu asubuhi. Mke wangu yuko saluni Buruburu, mara nyingine mpaka saa mbili usiku. Tuna watoto wawili, wa miaka sita na wa miaka mitatu. Nani ana saa moja ya ziada?

Nikaiiba kwenye usingizi. Kila siku saa kumi na moja kasorobo niko macho, nazunguka mtaa, natokea Rabai Road, narudi. Wiki ya kwanza nilitema mapafu. Wiki ya pili nikaanza kusalimiana na wengine wa saa hiyo. Wiki ya tatu nilijiona mtu mpya kabisa, nikawa naposti picha za raba zangu kwenye simu kila asubuhi. Jamaa wa kazini wakaanza kuniita Kipchoge, nami, kusema kweli, sikuwakataza.

Wiki ya nne, usiku mmoja, mke wangu alikuwa anafua sare ya shule. Nikamuuliza mbona amenuna. Hakuinua kichwa. “Wewe unakimbia,” akasema, “mimi nakimbizwa.”

Nilitaka kujitetea, lakini akanihesabia. Wakati mimi naenda Rabai Road, yeye anachemsha uji, anaamsha mkubwa, anamwosha, anamvalisha, anatafuta soksi ya pili, anafunga chakula, anabeba mdogo hadi kwa mama wa bebi-kea, halafu anakimbilia matatu. Zamani nilikuwa nafanya nusu ya hayo. Kumbe ile saa niliyodhani nimeiiba kwa usingizi wangu nilikuwa nimeichukua kwake.

Hili ndilo jambo ambalo video za mazoezi hazikuambii. Utaambiwa amka mapema, panga siku yako, acha visingizio. Hutaulizwa mtoto yuko na nani. Ukiwa huna mke, mume, mama wala dada wa kazi wa kukushikia mtoto, ushauri wa “amka saa kumi na moja” ni kama kumwambia mtu asiye na gari ajaze mafuta asubuhi kabla ya foleni.

Na kuna kitu kingine kilichonikera nilipoanza kuwauliza majirani. Wanaume kadhaa waliniambia wanawake hawahitaji mazoezi, kwani kazi ya nyumba inatosha. Si uongo mtupu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu kazi za nyumbani, kutembea na kazi ya mikono kuwa ni sehemu ya kuushughulisha mwili. Anayepandisha mtungi wa lita 20 siku ambayo mifereji imekauka, na Jericho siku hizo tunazijua, ameinua kilo 20. Hakuna gimu inayomzidi.

Lakini kuna utafiti wa Copenhagen, Denmark, uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia zaidi ya watu 100,000. Waliofanya mazoezi wakati wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo na kifo. Waliochoshwa na kazi nzito kazini hawakuonekana kupata faida hiyo, na hatari yao ilikuwa juu zaidi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Maelezo mojawapo ni kwamba anayefanya mazoezi huchagua lini aanze, lini apumzike na lini aache. Anayesimama saluni saa kumi akisuka hachagui. Kwa hivyo kumwambia mke wangu kwamba amesimama kutwa na hiyo ni tizi tosha ni kumdhulumu mara mbili.

Tukakaa chini na kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa dukani. Nikabaki na Jumanne na Alhamisi. Yeye akachukua Jumatano na Jumamosi, na siku zake mimi ndiye mwenye uji na soksi. Jumapili hakuna anayemdai mwenzake.

Siku mbili za kukimbia hazikutosha kunipa dakika ninazotakiwa. Mwongozo huo wa WHO unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayokufanya uhemeke lakini bado unaweza kuongea, au nusu ya hizo kama ni mazoezi makali, na siku mbili za kuimarisha misuli. Ukigawanya 150 kwa siku saba ni dakika 21 na kitu. Jambo lililonifurahisha ni kwamba mwongozo wa zamani wa mwaka 2010 ulitaka kila kipindi kiwe angalau dakika kumi mfululizo, lakini huu mpya umefuta sharti hilo. Dakika tatu nazo ni dakika.

Basi nikaacha matatu ya asubuhi. Kutoka Jericho, ukivuka Jogoo Road, ukapita Hamza na kuvuka reli upande wa Makadara, unaingia Industrial Area kwa miguu. Mimi hunichukua dakika 40, mwendo wa kujikaza. Ninapopanda gari saa hiyo hiyo, Jogoo Road ikiwa imeziba, dakika ni zilezile na nauli imekwenda. Siku nne za kutembea ni dakika 160, na sijakimbia hata hatua moja. Aliyezaliwa Eastlands atanicheka hapa, maana wazee wetu walitembea njia hizi tangu mtaa huu ulipojengwa na baraza la jiji uhuru ukikaribia, na maelfu bado wanazitembea kwa sababu hawana nauli. Sikugundua kitu. Nilirudia tu nilichokiacha nilipoanza kupata mshahara.

Ila usitembee peke yako gizani. Kuna wimbi la wafanyakazi linalotoka saa kumi na mbili na robo, nami najiunga nalo. Nairobi jua huchomoza saa kumi na mbili unusu hivi, likitangulia au kuchelewa dakika chache kulingana na mwezi. Kabla ya hapo simu ibaki mfukoni, na masikio yasizibwe na muziki. Jirani yetu mmoja alipoteza simu na raba kwa mpigo mmoja, akarudi nyumbani na soksi.

Kwa mke wangu usalama ulikuwa shida kubwa kuliko muda. Mimi nikitoka gizani wananiona mtu wa mbio. Yeye akitoka peke yake kuna wa kumpigia mbinja, na kuna wa kumfuata. Suluhisho lake lilikuwa kuwatafuta kina mama watatu wa mtaa. Hutembea kwa kasi kuzunguka upande wa Toyoyo, Jumatano alfajiri wakisubiri kupambazuke kidogo, Jumamosi jua likiwa limeshatoka. Mmoja huja na leso juu ya suruali ya mazoezi na kuivua wakishafika mbali na nyumba za watu wanaomjua mama mkwe wake. Wanaongea njia nzima. Nilidhani hiyo ni kupiga soga tu, mpaka siku moja nikajaribu kuwafuata nikiwa na mtoto mabegani. Waliniacha.

Misuli ilinipa taabu zaidi. Nilijaribu gimu ya vijana wa mtaa, ile ya vyuma vilivyotengenezwa kwa makopo yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Ni gimu nzuri na wasee ni wakarimu, lakini wanaanza saa kumi na moja jioni, wakati mimi bado nahesabu katoni. Nilipofika Jumamosi moja wakaniita “buda”. Miaka 34! Nikafanya raundi mbili nikaenda zangu.

Nikajaribu nyumbani. Chumba chetu, ukishaondoa kochi na meza, kinabaki na nafasi ya mkeka mmoja. Nikilala kupiga pushapu, mdogo anapanda mgongoni akidhani mimi ni nduthi. Mwanzoni nilikuwa namshusha kwa hasira. Siku hizi ana kilo 14 na ndiye chuma changu. Mkubwa anahesabu kwa sauti, na akifika kumi na tisa huruka hadi thelathini, kwa hivyo rekodi yangu rasmi ni ya kutiliwa shaka.

Ghalani kuna ngazi za kwenda stoo ya juu. Nilikuwa natuma vijana, sasa naenda mwenyewe, haraka haraka. Nilipata moyo niliposoma utafiti wa mwaka 2022 uliofuatilia watu 25,241 nchini Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi yoyote. Walivalishwa vifaa mkononi vya kupima mwendo. Waliojikuta wakijituma kwa nguvu mara tatu hivi kwa siku, dakika moja au mbili kila mara, kama kupanda ngazi kwa kasi au kukimbilia basi, walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa karibu asilimia 40 kuliko wasiofanya hivyo kabisa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ngazi ndizo zilizowaokoa. Huenda walikuwa na afya tangu mwanzo. Lakini ngazi ni za bure na ziko palepale.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Mvua ya masika ilipoanza, njia ya Hamza ikawa matope na nikarudi kwenye matatu wiki mbili. Mdogo akashikwa na kifua, tukakesha zamu kwa zamu, na kalenda ya ukutani ikabaki mapambo. Zamani ningesema nimeharibu, nikaacha kabisa. Safari hii mke wangu ndiye aliyetoka kwanza, Jumamosi, mvua ikinyunya, na mimi nikaona aibu kubaki kitandani Jumanne iliyofuata.

Ninachohofia sasa ni nafasi. Mitaa hii ya zamani ina nyua kati ya nyumba ambazo watoto hucheza na watu wazima hunyoosha miguu. Nyingine zimeshajazwa vibanda vya mabati vya kupangisha, na kila ukisikia mipango ya kubomoa nyumba hizi na kujenga maghorofa, mazungumzo huwa ni idadi ya vyumba. Sijasikia mtu akiuliza mama mwenye mtoto wa miaka mitatu atatembea wapi alfajiri akiwa ndani ya upeo wa kuona mlango wake.

Mwezi uliopita nilirudi kupimwa. 134 kwa 86. Muuguzi, si yule wa hema, alisema nisishangilie sana, niendelee na chumvi kidogo na mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu, na dawa tutazizungumzia kama namba zitapanda. Sijui ni ngazi, ni kutembea au ni chumvi.

Leo ni Jumatano. Saa kumi na moja unusu mlango ulifungwa taratibu, nikasikia sauti za kina mama nje, kisha kimya. Nikawasha jiko. Mkubwa akaamka akaniuliza mama yuko wapi, nikamwambia ameenda tizi. Akafikiri kidogo, akaniuliza kwa hivyo nani atamtafutia soksi. Uji ukafurika nikiwa nimeinama chini ya kitanda.