Dereva wa Rali Hupimwa kwa Kufika

Mwaka 1963 magari 84 yalianza mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Miaka mitano baadaye, 1968, mvua iligeuza barabara kuwa mito ya tope, na kwa mara nyingine magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, na mara zote mbili aliendesha Peugeot 404, gari ambalo Afrika Mashariki nzima ililijua kama teksi na gari la familia.

Takwimu hizo zinaeleza kazi ya dereva wa rali kuliko picha za magari yanayoruka matuta. Wengi hudhani dereva bingwa ni yule mwenye mguu mzito kuliko wenzake. Mguu mzito unahitajika, lakini historia ya Safari, ambayo ndiyo shule kubwa ya rali barani kwetu, inaonyesha kwamba taaluma hii imejengwa juu ya uwezo wa kufikisha gari likiwa zima. Anayetaka kujua kwa nini madereva wetu walitawala zamani, na kwa nini leo wanahangaika kuwafikia wageni, lazima aanzie hapo.

Tutofautishe kwanza aina mbili za mbio. Katika mbio za uwanjani, kama Formula 1, magari huanza pamoja na kuzunguka njia ile ile ya lami mara nyingi, hivyo kona iliyomshinda dereva katika mzunguko wa pili ataikuta tena katika wa tatu na kuisahihisha. Katika rali, magari huondoka moja baada ya jingine na kila dereva hushindana na saa. Njia ni barabara za kawaida, mara nyingi za vumbi na mawe, zilizogawanywa katika mikondo. Kona inayofuata huenda dereva ameiona mara mbili tu maishani mwake, tena akienda taratibu. Ndiyo maana ndani ya gari la rali kuna watu wawili: dereva na mwelekezi.

Safari ilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miongo mingi ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 5,000, miaka mingine zaidi, usiku na mchana, na barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na mabasi, malori ya mizigo, ng'ombe na twiga. Kila kituo kilikuwa na muda wake wa kufika, na kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi ya adhabu. Mwenye pointi chache ndiye aliyeshinda. Kwa utaratibu huo, gari lililokwama matopeni kwa saa nzima lilipoteza kiasi ambacho kasi ya siku mbili isingeweza kulipia.

Hapo ndipo wenyeji walipopata nguvu. Tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda Safari, ingawa viwanda vya Ulaya vilituma madereva wake bora. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mfululizo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, akiendesha Ford Escort. Kilichowabeba wenyeji ni ujuzi wa njia. Walijua rangi ya udongo unaoteleza, mto upi hujaa kabla ya mingine, na daraja lipi lisipitwe kwa kasi hata likionekana imara.

Joginder Singh ndiye mfano bora wa ujuzi huo. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia katika ufundi wa magari, na kabla ya kuwa maarufu alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Fikiria mafunzo hayo: kila siku unafungua boneti ya gari lililokufa, unajifunza ni kitu gani huvunjika, na kwa nini. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika katika mashindano ya awali. Mwaka 1974 alishinda tena kwa Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6, akimwacha nyuma Björn Waldegård wa Uswidi aliyekuwa na Porsche 911. Alishinda mara ya tatu mwaka 1976, kwa Lancer vilevile. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Ushindi huo mara tatu ni heshima kubwa, lakini rekodi yake inayonigusa zaidi ni nyingine. Alishiriki Safari mara 22 kati ya 1959 na 1980, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo nusu ya magari, na miaka mingine zaidi ya robo tatu, yalibaki njiani, hiyo ni kazi ya mtu aliyelisikia gari lake. Dereva wa namna hiyo hutambua mlio mpya wa difu kabla haijavunjika, huachia breki kabla ya shimo ili springi zipande na kupokea pigo, na hupiga breki mapema kwenye mteremko ili breki zisichemke. Gia huibadilisha kwa mkono mtulivu kwa sababu anajua giaboksi hiyo bado ina kilomita elfu moja mbele yake.

Joginder alianzia gereji. Shekhar Mehta anatuonyesha jinsi udereva unavyokuwa ajira kamili. Alizaliwa Kampala mwaka 1945, akaondoka Uganda wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, ambao ndipo Safari ilipoanza kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rali, alishinda kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Uswidi walimaliza wakiwa na pointi sawa, ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike ili kumpatia Mehta ushindi. Kisha, akiwa na mwelekezi Mike Doughty, alishinda 1979, 1980, 1981 na 1982 mfululizo. Ushindi mara tano, nne zikifuatana, haujafikiwa na dereva mwingine katika miaka ambayo Safari imekuwa sehemu ya ubingwa wa dunia.

Mehta alikuwa dereva wa timu ya kiwanda, na hapa kuna jambo ambalo msomaji wa kawaida hulisikia mara chache. Katika rali kuna madereva wa namna mbili. Anayejitegemea hununua au kukodi gari, hutafuta wadhamini, hulipa mafundi, matairi na usafiri, na likigonga mti hasara ni yake. Dereva wa kiwanda hulipwa mshahara, hupewa gari, mafundi na vipuri, na kazi yake ni kuendesha, kufanya majaribio na kuwaeleza wahandisi kwa usahihi gari linafanya nini. Ufasaha huo wa kueleza una thamani kubwa. Nissan, watengenezaji wa Datsun, hawakumhitaji Mehta kwa ajili ya Safari moja tu. Walimhitaji kwa sababu aliweza kuwaambia wahandisi wa Japani ni sehemu gani ya gari lao la Violet isingehimili jangwa la Taru au Bonde la Ufa. Alishindana pia nje ya Afrika, na mwaka 1981 alimaliza wa pili katika rali ya Argentina. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilimaliza maisha yake ya ushindani, naye akaingia katika uongozi wa mchezo kimataifa hadi kifo chake mwaka 2006.

Kazi ya mwelekezi nayo inahitaji maelezo, kwa kuwa jina lake husahaulika jukwaani. Kabla ya mashindano, wawili hao huruhusiwa kukagua kila mkondo kwa mwendo wa kawaida. Dereva anatamka anachokiona, mwelekezi anaandika. Kona hupewa namba. Kwa madereva wengi 1 ni kona kali kabisa na 6 ni ya kupita kwa kasi. Siku ya mbio mwelekezi husoma maandishi hayo mfululizo: mita mia moja, kulia nne, jiwe ndani, usikate. Husoma kona moja au mbili mbele ya macho ya dereva, gari likitikisika, akiwa na jukumu pia la kuangalia saa za vituo. Akichelewa nusu sekunde, dereva anaingia konani kipofu. Uhusiano huo hujengwa kwa miaka, na ndiyo sababu madereva wakubwa hawabadilishi waelekezi ovyo.

Mwili nao una sehemu yake. Suti ya kuzuia moto, helmeti na kifaa cha kushika shingo ni lazima, na joto ndani ya gari huzidi sana la nje. Dereva hupoteza maji mengi, na anayepungukiwa maji hupungukiwa pia umakini. Kwa hiyo madereva wa leo hufanya mazoezi ya shingo, mabega na pumzi kama wanariadha wengine, na hupangiwa chakula na usingizi.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Umbo lake limebadilika. Mikondo ya ushindani sasa ni kati ya kilomita 300 na 400 kwa jumla, barabara hufungwa, na muda huhesabiwa kwa sehemu ya sekunde. Hata hivyo tabia ya njia haikubadilika. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Ubelgiji aliianza siku ya mwisho akiongoza, kisha gari lake la Hyundai likaharibika mfumo wa springi, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier wa Ufaransa akiwa na Toyota. Vumbi laini la Naivasha, linaloficha mawe na kuziba njia ya hewa ya injini, limewaangusha mabingwa kadhaa tangu hapo.

Swali ambalo mashabiki wetu huuliza kila mwaka ni kwa nini Mkenya hashindi tena. Mwenyeji wa mwisho kushinda Safari ikiwa sehemu ya ubingwa wa dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994, kwa Toyota Celica. Mwaka huo huo Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru Impreza. Katika miaka ambayo Safari haikuwa ya ubingwa wa dunia wenyeji waliendelea kushinda, Carl Tundo akifikisha ushindi mara tano.

Jibu langu halihusu kipaji. Kwanza, ukaguzi wa njia sasa una mipaka sawa kwa wote, hivyo faida ya mwenyeji imepungua. Pili, magari yamegawanywa katika madaraja, kuanzia Rally5 la chini hadi Rally1 la juu, na yale ya Rally1 hutoka kwa timu chache mno: Toyota, Hyundai na Ford. Dereva wetu anayeshindana kwa Rally2 au Rally3 hushindana na wa daraja lake. Kumtaka amshinde Ogier jumla ni kumdai kisichowezekana. Tatu, na hili ndilo kubwa, dereva wa kiwanda hushindana raundi 13 au 14 kwa mwaka, akiongeza siku za majaribio. Kijana wetu anapata mashindano machache, na mengi ya hayo hutegemea kama mdhamini amelipa kwa wakati. Hakuna anayejifunza kulisikia gari akiwa amekaa nyumbani.

Tunajua kinachowezekana pale nafasi inapotolewa. Mwaka 2022 Mkenya McRae Kimathi alishindana kwenye theluji ya Uswidi, na mwaka huo huo Mkenya mwenzake Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, la magari ya Rally3, katika Safari. Wote wawili waliendesha Ford Fiesta Rally3, gari la daraja la kati lenye nguvu za kumfundisha kijana bila kummaliza kifedha kama yale ya juu.

Ushauri wangu kwa wadhamini na wizara za michezo za kanda yetu ni mfupi. Udhamini wa wikendi moja ya Safari hununua tangazo ubavuni mwa gari; haujengi dereva. Mpeni kijana mmoja na mwelekezi wake misimu mitatu kamili, waanze na gari linalosukumwa na magurudumu mawili, wapande daraja kwa matokeo, na kila timu ichukue wanafunzi wa ufundi kutoka vyuo vyetu wakafanye kazi kwenye vituo vya matengenezo. Na kwa mzazi mwenye mtoto anayependa mbio: mpeleke kwenye chama cha mchezo huu akapate leseni, mafunzo na njia iliyofungwa, asijifunzie kwenye barabara ya watu. Kabla ya hayo yote, mpeleke gereji. Joginder Singh alianzia huko.