Alama Pungufu na Masomo ya Uzamili katika Tiba ya Usemi na Lugha

Wananchi na watumishi wa umma wanafahamishwa kwamba kuwa na alama zisizoridhisha katika shahada ya kwanza si sababu ya kutosha ya kumzuia mtu kuomba nafasi ya masomo ya uzamili katika fani ya tiba ya usemi na lugha. Maelezo yafuatayo yanaonesha namna alama hizo zinavyosomwa na vyuo, mahali zinapozuia kweli, na mahali ambapo kizuizi ni hesabu aliyoifanya mwombaji mwenyewe.

Fani hii bado haijulikani vya kutosha. Mtaalamu wake humhudumia mtoto aliyechelewa kusema, mwenye kigugumizi, aliyezaliwa na mdomo wazi, mwenye mtindio wa ubongo, usonji au uziwi. Humhudumia pia mtu mzima aliyepotewa na maneno baada ya kiharusi, na yule anayepaliwa kila anapokunywa maji, kwa kuwa matatizo ya kumeza nayo yamo ndani ya kazi hiyo. Uchunguzi uliofanywa Kilifi, nchini Kenya, umeonesha kwamba malaria kali yaweza kumwachia mtoto upungufu wa lugha hata baada ya homa kwisha. Kwa hiyo sehemu zilizosumbuliwa na maradhi hayo kwa miaka mingi zina watoto wanaohitaji huduma ambayo aghlabu haipatikani karibu nao.

Katika Afrika Mashariki, mafunzo ya shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha yalianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho kimeanzisha shahada ya kwanza inayounganisha masuala ya usikivu na tiba ya usemi na lugha. Aliyekwisha kumaliza shahada nyengine, kama vile ya ualimu, isimu au saikolojia, hana lazima ya kuanza upya kwa miaka minne. Yako mataifa ambayo mtu huingia katika fani hii kwa shahada ya uzamili, na hapo ndipo suala la alama linapojitokeza.

Mfano unaotumika hapa ni wa Makuyuni, katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga, barabara ya kutoka Korogwe kwenda Mombo. Isichanganywe na Makuyuni ya Monduli. Mfano huo umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, elimu ya juu na mitihani ya taifa ni mambo ya Muungano, hivyo kijana wa Makuyuni na kijana wa Makunduchi hupimwa kwa mizani ile ile. Pili, kutoka Makuyuni hadi Lushoto si mbali, na huko Lushoto kilianzishwa mwaka 2007 chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho kiliifanya elimu maalumu kuwa somo lake kuu. Walimu waliopita katika elimu ya aina hiyo ndio hasa wanaokutana kila siku na mtoto asiyesema, nao ndio wanaojiuliza kama wanaweza kuendelea.

Tuseme mwalimu mmoja wa Makuyuni amehitimu shahada ya elimu maalumu akiwa na wastani wa 3.0 katika kipimo cha 5.0. Hilo ni daraja la pili la chini, ambalo huanzia 2.7 na kuishia 3.4. Mwaka wa kwanza alifeli takwimu, akarudia mtihani na kupata C. Miaka miwili ya mwisho alama zake zilipanda, na mazoezi ya kufundisha aliyapita vizuri. Mwalimu huyo anasoma masharti ya chuo kimoja cha Marekani na kuona kinataka wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha 4.0. Anachukua kalamu, anagawa 3.0 kwa 5 na kuzidisha kwa 4, anapata 2.4. Anaikunja karatasi na hatumi maombi.

Hesabu hiyo ndiyo inayowatoa wengi, na si sahihi. Katika kipimo kinachotumika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika vyuo vyengine kadhaa, A huanzia alama 70, B+ huanzia 60 na B huanzia 50. Katika skuli na vyuo vingi vya Marekani alama 70 ni C. Mwalimu mwenye B ya Tanzania si mwanafunzi wa nusu kwa nusu, bali amepimwa na watahini ambao hawatoi 90 kwa urahisi. Kwa sababu hiyo vyuo vingi vya Marekani humtaka mwombaji wa nje apeleke hati yake kwa taasisi ya kutathmini vyeti, ambayo huangalia herufi ya kila somo pamoja na maelezo ya kipimo, na haigawi wastani kwa hesabu ya darasani. Matokeo ya tathmini hiyo huweza kuwa juu ya ile 2.4 ya mwombaji. Ni muhimu basi hati ya matokeo itoke chuoni ikiwa na jedwali la madaraja, lile ambalo huchapishwa nyuma ya karatasi na ambalo wengi husahau kulitoa kivuli.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba tathmini inafuta kila kitu. Ushindani katika fani hii huko Marekani ni mkubwa, na chuo kinachotangaza 3.0 huweza kujaza nafasi zake kwa wenye alama za juu zaidi. Kinachomsaidia mwenye alama pungufu ni kufahamu kwamba vyuo vingi havitazami namba moja tu. Vipo vinavyozipa uzito alama za miaka miwili ya mwisho. Vipo vinavyohesabu peke yake masomo ya msingi ya fani, yaani sauti za lugha, ukuaji wa lugha kwa mtoto, maumbile ya koo na kinywa, na usikivu. Masomo hayo mwalimu wa Makuyuni hakuyasoma yote, na upungufu huo una faida yake: akiyasoma sasa, akapata A na B, ataingia katika hesabu hiyo akiwa na rekodi mpya. Chama cha kitaifa cha fani hiyo nchini Marekani kinamtaka pia kila anayeomba cheti chake awe amesoma biolojia, kemia au fizikia, takwimu, na somo moja la jamii au saikolojia. Ile C ya takwimu inafaa kurudiwa katika chuo kinachotambulika, hata kama si lazima, kwa kuwa ni somo ambalo msomaji wa maombi atalitafuta.

Njia nyengine ni kupanda ngazi hapa hapa nchini kwanza. Vyuo vya Tanzania kwa kawaida hupokea waombaji wa uzamili kuanzia wastani wa 2.7. Mwenye daraja la pili la chini anaweza kusoma uzamili wa isimu au wa elimu maalumu, akaandika tasnifu yake juu ya usemi wa watoto, na kisha kuomba nje akiwa na hati mbili mkononi badala ya moja. Njia hii ni ndefu na ina gharama. Lakini ina uzito hasa kwa anayetafuta ufadhili. Masharti ya Ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaotolewa na Uingereza, kwa mfano, yamekuwa yakitaka daraja la pili la juu, au la chini likifuatana na sifa ya uzamili inayohusika.

Uingereza kwenyewe kuna uzamili wa miaka miwili unaomwezesha mhitimu kusajiliwa. Huko, mbali na alama, kizingiti kikubwa ni Kiingereza: baraza linalosajili wataalamu hao kwa miaka mingi limedai alama 8.0 katika mtihani wa IELTS kwa fani hii, juu ya kiwango kinachotakiwa kwa fani nyengine lililo nazo. Afrika ya Kusini mafunzo ni ya shahada ya kwanza ya miaka minne, na uzamili wake ni wa walio wataalamu tayari. Anayeomba uzamili huko akiwa mwalimu atakataliwa hata akiwa na daraja la kwanza. Chuo Kikuu cha Ghana, kwa upande wake, kimekuwa na uzamili wa kuingilia fani, na inafaa kisisahauliwe na wanaotazama Ulaya na Marekani peke yake.

Lipo jambo ambalo mwombaji wa Makuyuni, au wa Micheweni, analo na ambalo wengi hawalitaji katika maombi yao. Vipimo vingi vya usemi vilitungwa kwa Kiingereza. Vinamjaribu mtoto kwa mafungu ya konsonanti ambayo Kiswahili hakina, na haviulizi chochote kuhusu ng', gh, au mb na nd zinazoanza neno. Haviwezi kueleza iwapo mtoto wa miaka mitatu anayesema "kitabu yangu" amechelewa katika ngeli au anakua kama wenziwe. Haviwezi kutenganisha kasoro ya ulimi na athari ya Kizigua au Kisambaa kinachosemwa nyumbani, wala kasoro na lahaja ya Pemba au Makunduchi. Utafiti wa matamshi ya watoto wanaosema Kiswahili jijini Dar es Salaam, uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulichapishwa mwaka 2015 na ulihusu watoto wachache; tafiti za aina hiyo bado ni chache mno. Mwalimu aliyekaa miaka mitano darasani na kuandika katika daftari ni sauti zipi zilizowashinda wanafunzi wake, na kwa umri gani, anacho kitu ambacho mwenye alama za juu huenda hana. Hicho ndicho kinachopaswa kujaza barua ya maombi.

Kuhusu alama zenyewe, barua hiyo izitaje kwa sentensi mbili au tatu na isizidi hapo. Itaje somo lililoharibika, sababu yake ikiwa ya kweli na inayothibitika, na kilichofanyika baadaye. Malalamiko juu ya wahadhiri hayasaidii. Kunyamaza kabisa nako si busara, kwa kuwa hati itasomwa.

Barua za wadhamini zitoke kwa watu waliomwona mwombaji akifanya kazi: mhadhiri aliyesimamia mwaka wa mwisho, mwalimu mkuu, au mtaalamu wa hospitali aliyemruhusu kukaa na kutazama tiba. Saa za kutazama ziandikwe tarehe na kutiwa saini. Kwa cheti cha Marekani mwanafunzi hutakiwa kutimiza saa 400 za mafunzo ya tiba, 25 zikiwa za kutazama. Saa za hapa nyumbani huenda zisihesabiwe katika hizo, ila zinathibitisha kwamba mwombaji anajua anachokiomba.

Watumishi wa umma wanakumbushwa kwamba ruhusa ya masomo huombwa kwa mwajiri mapema. Aidha, yeyote anayefikiria masomo ya masafa yanayotangazwa kwa bei nafuu aulize kwanza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama tuzo hiyo itatambuliwa, na aulize pia wapi mafunzo ya vitendo yatafanyika, kwa kuwa tiba hii haifundishiki bila mgonjwa. Wakala anayeahidi nafasi kwa malipo, bila kutazama hati, asilipwe.

Maombi ya vyuo vingi vya Marekani hufungwa kati ya Disemba na Februari kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba. Hati ya matokeo hupelekwa na chuo chenyewe ikiwa imefungwa kwa muhuri, na tathmini ya vyeti nayo huchukua wiki kadhaa baada ya hati kufika. Anayekusudia kuomba mwakani aandike barua ya kuomba hati zake kabla ya mwezi wa Agosti.