Cheti Ukutani, Sabuni Kabatini

Bamvua likifika, vijiji vya mashariki ya Unguja huhamia baharini. Maji yakishakupwa, wanawake wa Paje, Jambiani na Bwejuu hushuka na vipolo na kamba zao hadi kwenye mashamba ya mwani, wakainama huko saa kadhaa kabla maji hayajarudi. Kazi yenyewe haijifichi. Vijiti viwili vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa baina yake, na kwenye kamba vipande vya mbegu vimefungwa kwa vijikamba vyembamba ambavyo wakulima wenyewe huviita taitai. Wiki sita hivi baadaye mwani huvunwa, hubebwa kichwani ukichuruzika maji ya chumvi, kisha huanikwa. Kilo kumi za mbichi, zikikauka sawasawa, huacha kilo moja hivi ya kuuza.

Kazi hii imesomwa, imefadhiliwa na kufundishwa kuliko nyingi za wanawake wa vijijini Afrika Mashariki. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuuliza swali ambalo wafadhili hawapendi kukaa nalo muda mrefu: mbona mafunzo ni mengi, na mifuko bado ni mitupu?

Tuanze na historia, maana inafundisha. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akitafiti mwani wa pwani ya Tanzania tangu miaka ya 1970, akisisitiza kuwa unaweza kulimwa badala ya kuokotwa tu. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wakaona malipo hayalingani na jasho, wengi wakarudi kwenye uvuvi na baadaye kwenye shughuli za utalii. Wanawake wakabaki. Leo wakulima wa mwani Unguja na Pemba wanahesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na takribani wanane katika kila kumi ni wanawake. Katika miaka mizuri mavuno ya mwani mkavu huvuka tani 10,000, sehemu kubwa ikitoka Pemba, na zao hili hutajwa baada ya utalii na karafuu miongoni mwa yanayoiletea Zanzibar fedha za kigeni.

Miaka ya mwanzo pesa ya mwani ilibadilisha nyumba nyingi. Mwanamke aliyezoea kuomba hela ya sare ya mtoto akawa anainunua mwenyewe. Mabati, vyombo, kitanda, michango ya harusi, vyote vikapata njia isiyopita mfukoni mwa mume. Hilo lisidharauliwe. Lakini mfumo wa biashara ulikuwa umeshapangwa. Kampuni ya ununuzi ilitoa kamba na mbegu, mkulima naye akalazimika kuiuzia kampuni hiyo hiyo. Bei ilitegemea soko la nje, linaloendeshwa na wazalishaji wakubwa wa Indonesia na Ufilipino. Kwa miaka mingi kilo ya spinosum, aina inayolimwa zaidi, haikufika shilingi 1,000. Ulikokwenda mwani huo, ulikamuliwa karajinani, ute unaogandisha aiskrimu na kushikanisha dawa ya meno.

Likatokea na balaa la pili. Aina ya cottonii, ambayo bei yake hukaribia mara mbili ya spinosum, ikaanza kufa. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, mwani ukashikwa na ugonjwa unaougeuza mweupe na laini, ukakatika vipande na kuchukuliwa na mkondo. Kuanzia miaka ya 2000 sehemu nyingi za Unguja zikaacha kuilima kabisa. Mkulima akabaki na spinosum ya bei ya chini, mgongo unaouma, na macho yanayowasha kwa mwangaza wa jua unaorudi kutoka majini.

Hapo ndipo semina zilipoanza kumiminika, na somo lililopendwa lilikuwa sabuni. Wazo lenyewe si baya. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali, ukiongozwa na Dkt. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, ili thamani iongezwe hapa hapa kabla ya mwani kupakiwa melini. Kidoti, kaskazini ya Unguja, kikundi cha Tusife Moyo kikawa miongoni mwa vya mwanzo kutengeneza sabuni ya mwani. Paje nako kikaanzishwa kituo ambacho leo watalii hukitembelea na kuondoka na mikoba.

Utengenezaji wa sabuni hii unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo unapoonekana ujuzi wenyewe ulipo. Mwani mkavu huoshwa kutoa chumvi, hukaushwa tena, husagwa uwe unga. Mafuta ya nazi hupimwa kwa mizani, si kwa kikombe. Kostiki soda nayo hupimwa kwa gramu, kisha hutiwa kwenye maji. Ukifanya kinyume, ukatia maji kwenye kostiki, itachemka na kukurukia usoni. Hivyo glavu na miwani ni lazima, na watoto hufukuzwa mbali. Mchanganyiko hukorogwa hadi uwe mzito kama uji wa mgonjwa, ndipo unga wa mwani unapoongezwa, pamoja na mafuta ya karafuu, mdalasini au langilangi. Humiminwa kwenye vibao, hukatwa siku ya pili, na huachwa rafuni wiki nne au zaidi ikauke na kupoa ukali.

Mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi hujifunza haya yote na kuyafanya bila kukosea. Ugumu haukuwa hapo kamwe. Ugumu umo katika hizo wiki nne. Mafuta yameshanunuliwa, kostiki imeshalipiwa, na pesa yote imelala rafuni ilhali nyumbani unga umekwisha. Anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kuisubiri bidhaa ya mwezi, hata kama faida yake ni nzuri. Baada ya hapo inakuja hoteli. Meneja anataka vipande mia tatu kila mwezi, vya uzito mmoja na harufu ileile, vyenye nembo ya Taasisi ya Viwango Zanzibar, na anataka ankara kwa sababu atalipa baada ya siku thelathini. Semina iliishia kwenye kukata vipande. Ankara haikufundishwa na mtu. Matokeo yake unayajua ukivitembelea vikundi vya aina hii popote, visiwani au bara: cheti kimetundikwa ukutani, sabuni imejaa kabatini ikisubiri mgeni atakayekuja kukagua mradi na kununua vipande vitano kwa huruma.

Kuna hesabu nyingine isiyosemwa sana kwenye uzinduzi. Kipande cha sabuni hula unga kidogo mno wa mwani. Hata kila hoteli ya Zanzibar ikitumia sabuni ya mwani, kiasi kitakachotumika hakitapunguza kwa namna ya kuonekana tani elfu kumi na zaidi zinazosafirishwa zikiwa ghafi. Sabuni inaweza kuwainua wanawake mamia kadhaa, hasa wa vijiji vilivyo karibu na watalii. Haiwezi kuwa jibu kwa wakulima wote, na mwanamke wa Micheweni, Pemba, ambaye hamwoni mtalii mwezi mzima, haitamfaa kama inavyomfaa wa Paje. Kwa huyo wa Pemba jambo kubwa ni bei ya kilo na kiwanda cha kuusarifu mwani nyumbani. Ndiyo maana macho mengi yako Chamanangwe, huko huko Pemba, ambako Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliamua kujenga kiwanda cha kazi hiyo.

Halafu kuna cottonii. Watafiti waliona kuwa ikipelekwa kwenye maji ya kina kirefu, yenye ubaridi, bado huota vizuri. Wakajaribu pamoja na wakulima kuiweka ndani ya nyavu ndefu za mviringo, ili mawimbi yasiikate. Kitaalamu mambo yakakubali. Ila kilimo cha kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mtu asiyeogopa maji yanapompita kichwa. Wanawake wengi wa pwani hii wamezaliwa hatua chache kutoka baharini na hawajui kuogelea, kwa sababu mtoto wa kike hakufundishwa. Boti nyingi nazo ni za wanaume. Kwa hiyo mwanamke mwenye mbegu bora, ujuzi wa kuifunga na soko la bei mara mbili anaweza kuzuiwa na vitu viwili ambavyo havimo kwenye mtaala wowote wa ujasiriamali: kuelea na kumiliki boti.

Kwamba kuogelea kunafundishika kumeshathibitishwa huko huko Unguja. Nungwi, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana na wanawake kuogelea kwa mavazi yanayofunika mwili mzima, chini ya walimu wa kike, na baadhi ya wanafunzi wakawa wakufunzi wa wenzao. Lengo lilikuwa kuokoa maisha, na hilo peke yake latosha. Lakini mtu mwenye jicho la riziki ataona kwamba somo lile ni mafunzo ya kazi kama yalivyo ya cherehani. Kwa mkulima wa cottonii, huenda ni zaidi.

Mfano wa kinyume na vikundi vile vya sabuni uko Kinyasini, Mkoa wa Kaskazini Unguja. Huko chuo cha Barefoot, chenye asili yake katika kijiji cha Tilonia, Rajasthan, ambako Bunker Roy alianzisha kazi hiyo mwaka 1972, huwafundisha akina mama wa Unguja na Pemba ufundi wa umeme wa jua. Wengi wao wana watoto wakubwa, wengine wana wajukuu, na kusoma kwao si kwingi. Huondoka nyumbani miezi kadhaa, jambo ambalo waume wengine walilipokea kwa shingo upande. Hufundishwa kwa rangi za waya, kwa kushika na kurudia, hadi wanaunganisha saketi na kutambua kifaa kilichoungua.

Kwa nini mama mtu mzima, na si kijana aliyemaliza sekondari? Waanzilishi walijibu bila kupepesa macho: kijana akipata cheti hukimbilia mjini, mama hurudi kijijini. Ila siri ya mpango huu ninavyouona mimi haiko kwenye umri. Iko kwenye mpangilio wa mambo. Kijiji huunda kamati kwanza, kikakubaliana kuwa kila nyumba itakayowashiwa taa italipa mchango wa mwezi, kwa kiasi kinachokaribia kile kilichokuwa kikiishia kwenye mafuta ya taa. Kutokana na mchango huo fundi hulipwa. Maana yake ni kwamba mama anapopanda gari kwenda Kinyasini, kazi imeshapatikana na wa kumlipa wanajulikana kwa majina. Mafunzo yanakuja kujaza nafasi iliyokwisha kuwapo.

Mpango huo nao si mwujiza. Umeme wa gridi ukifika kijijini, wateja wa sola hupungua, na kamati isiyokusanya mchango humwacha fundi na mkoba wa bisibisi. Lakini hata ukikwama, utajua umekwama wapi. Vikundi vyetu vingi vya cherehani, batiki na sabuni hukwama bila kujua, kwa kuwa swali la nani atalipa halikuulizwa tangu mwanzo. Wanawake thelathini wa kijiji kimoja wakifundishwa kushona kwa wakati mmoja, watagombania sare zilezile za shule moja, na bei ya kushona itashuka hata kwa yule fundi aliyekuwapo kabla yao.

Tanzania Bara kuna fedha inayoweza kurekebisha hili. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya usimamizi na marejesho, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Tatizo moja ni kwamba mkopo na mafunzo mara nyingi havijuani. Ofisi moja inafundisha, nyingine inakopesha, na kati yake mwanamke anazungushwa. Mkopo unaolingana na zile wiki nne za sabuni kukauka, unaotolewa kikundi kikiwa na oda mkononi, ungefanya kazi kubwa kuliko semina ya tatu ya namna ya kukoroga.

Wakulima wenyewe wana masharti yao, na ni mepesi kuyatimiza. Semina isiwekwe siku za bamvua, kwa sababu siku hizo ndizo za shamba. Iwekwe maji mafu. Anayenyonyesha aruhusiwe kuja na mtoto, na pawe na wa kumshika. Hesabu zifundishwe kwa daftari la kikundi chenyewe, si kwa mifano ya kampuni za kubuni, maana mali bila daftari huisha bila habari. Na asiyesoma asitengwe na uhasibu: vikundi vya hisa vijijini vimeonyesha miaka mingi kuwa mtu asiyeandika anaweza kukumbuka kila shilingi ya kila mwanachama.

Mpaka sasa mafanikio ya miradi hupimwa kwa idadi ya waliohudhuria, na picha ya siku ya vyeti ndiyo inayopamba ripoti. Mfadhili anayetaka ukweli arudi mwaka mmoja baada ya picha ile, bila kuarifu. Aulize sabuni ya mwezi uliopita ilinunuliwa na nani, boti imeandikishwa kwa jina la nani, na pesa ya mavuno ya mwisho iliamuliwa na nani nyumbani. Wanawake wakijibu maswali hayo matatu bila kutazamana, mradi umefanya kazi. Wakianza kutazamana, basi fedha ya awamu ya pili isiende kwenye semina nyingine. Iende kwenye jambo lile lililowafanya watazamane.