Mboji ya minyoo na maua ya Goma

Maua mengi ya Goma huota juu ya jiwe. Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoteremka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na katika viwanja vilivyojengwa juu yake, au juu ya lava iliyoitangulia, udongo ni haba au haupo kabisa. Ndiyo maana waridi, jerania na petunia za mbele ya nyumba hupandwa ndani ya chombo: ndoo iliyopasuka, bidoni lililokatwa, gunia au sanduku la mbao. Mzizi wa mmea kama huo hauna pa kwenda kutafuta chakula. Hupata kile tu ulichowekewa, na mboji ya minyoo ni miongoni mwa vitu bora vya kuwekewa, mradi kipimo kisizidi.

Minyoo wanaofugwa ili kutengeneza mboji hii si wale wanene wanaofukuliwa kwa jembe shambani. Anayetumika zaidi duniani ni mnyoo mwekundu, Eisenia fetida, anayeishi kwenye takataka zinazooza na asiyechimba chini. Hupenda joto la nyuzi 15 hadi 25, na hapa Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hali ya hewa humfaa bila gharama yoyote. Hatari ni jua la moja kwa moja: mawe meusi huwaka mchana, na sanduku la kufugia lililowekwa juu yake bila kivuli huua minyoo wote.

Chakula chao kiko sokoni. Majani ya nje ya kabichi zinazoletwa kwa chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili) kutoka Kibumba, maganda ya ndizi na ya maharage, pamoja na samadi ya ng'ombe au ya sungura, vyote hufaa. Nyama, mafuta na mabaki yenye chumvi havifai. Takataka mbichi hurundikwa kwanza kwa wiki mbili hivi mpaka joto la kuoza lipungue. Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kuona magugu yakichipua kwenye vyungu: sanduku la minyoo halipati joto la kuua mbegu, kwa hiyo kazi hiyo sharti ifanywe na rundo. Sanduku lenye kina cha sentimita 30 na matundu chini latosha. Kilo moja ya minyoo hula takriban nusu kilo kwa siku. Unyevu hupimwa kwa kukamua: konzi ya takataka itoe tone moja au mawili, si zaidi. Miguu ya sanduku ikisimama ndani ya makopo ya maji, siafu hawapandi.

Baada ya miezi miwili hadi minne hubaki chembechembe nyeusi zisizonuka, yaani mboji yenyewe. Ndani yake mna naitrojeni, fosforasi na potasiamu, lakini hizo si siri yote. Majaribio ya kundi la Clive Edwards katika Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, yalitumia tajeti na petunia zilizokuwa zikipewa virutubisho vyote vinavyohitajika, na bado mimea iliyochanganyiwa mboji ya minyoo ilikua vizuri zaidi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vijidudu hai na asidi za humasi huchochea mizizi karibu kama homoni.

Majaribio hayo hayo yanaonyesha mpaka. Ukuaji mzuri ulipatikana mboji ilipokuwa kati ya asilimia 10 na 40 ya mchanganyiko. Ilipozidi hapo, mimea ilirudi nyuma. Chungu kilichojazwa mboji tupu hushika maji mengi, hukosa hewa na hulimbikiza chumvi. Kwa Goma, mchanganyiko wa busara ni sehemu moja ya mboji, mbili za udongo na moja ya kokoto ndogo za lava. Mawe yale yale yanayolalamikiwa na kila mwenye kiwanja yana vitundu vingi, hivyo hupitisha maji na kuingiza hewa kwenye mizizi. Waridi lililokwisha kushika huongezewa konzi mbili juu ya udongo kila baada ya miezi mitatu, mbali kidogo na shina.

Hotensia huhitaji tahadhari. Ua lake huwa la buluu pale tu udongo unapokuwa na asidi ya kutosha kuyeyusha aluminiamu. Mboji ya minyoo, ambayo kwa kawaida haina asidi kubwa, huweza kuligeuza kuwa la waridi. Anayetaka buluu atumie kidogo sana.

Mboji iliyobaki huwekwa kivulini ndani ya gunia linalopitisha hewa, ikiwa na unyevu kidogo. Ikikauka kabisa hukataa maji, na vijidudu vyake vingi hufa.