Tarakimu Ndogo, Uzito Mkubwa: Usahihi wa Kompyuta katika Takwimu za Afya

Watu wengi huamini kwamba kompyuta haikosei hesabu. Ukweli ni kwamba kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu 0 na 1 pekee, tena katika nafasi yenye kikomo. Kama vile theluthi moja isivyoweza kuandikwa kikamilifu kwa desimali, ndivyo 0.1 isivyoweza kuhifadhiwa kikamilifu ndani ya kompyuta. Usahihi wa kawaida hukomea kwenye takriban tarakimu 16.

Upungufu huo pekee ni nadra kumdhuru mgonjwa. Hatari huongezeka programu ya takwimu inapotafuta jibu kwa kurudia hesabu. Kila mzunguko hukaribia jibu, lakini haulifikii kikamilifu. Hivyo lazima kiwekwe kikomo cha kusimamia. Kikomo kikiwa legevu, programu husimama mapema na kutoa jibu lenye sura ya kuaminika.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Marekani mwaka 2002. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuwa wamechunguza uhusiano kati ya chembechembe za vumbi hewani na vifo katika miji 90. Makadirio ya awali yalionesha kwamba kila ongezeko la mikrogramu 10 za chembechembe hizo katika mita moja ya ujazo wa hewa liliambatana na ongezeko la vifo la asilimia 0.41. Baadaye waligundua kwamba kikomo kilichokuja na programu hakikufaa kwa data zao. Walipokikaza, makadirio yalishuka hadi asilimia 0.27. Wakatangaza masahihisho hayo wenyewe.

Uhusiano haukutoweka; ukubwa wake ndio uliopungua. Hata hivyo, katika miji yenye mamilioni ya wakazi, tofauti hiyo ni hesabu ya uhai wa watu.

Kwa mhudumu wa afya anayechambua data, mafunzo ni matatu: asikubali mipangilio ya programu bila kuihakiki, asikadirishe namba kabla ya hatua ya mwisho, na matokeo muhimu ayapime kwa njia ya pili. Naye mgonjwa anayesikia kwamba takwimu fulani imerekebishwa asidhani kuwa sayansi imemhadaa. Hewa chafu ingali na madhara, na namba iliyosahihishwa hadharani ni ya kuaminiwa kuliko ile isiyowahi kuhojiwa.